Rili Mbili Juu ya Mkeka

Mara ya kwanza niliporusha kwa beitikasta, aina moja ya rili, kile kigurudumu cha mshipi kwenye fimbo ya kuvulia, chambo kilianguka hatua nne mbele yangu na mshipi uliobaki kwenye rili ukafura kama nywele za mtu aliyeamshwa usingizini. Ilikuwa jioni, gatini Wete, maji yanajaa, na watoto wa chuoni ndio kwanza wametoka. Mmoja alisogea, akachungulia rili, akaniuliza kwa huruma ya kweli:

"Ami, imekufa?"

Haikufa. Ila nilikaa pale ukingoni mpaka adhana ya magharibi, nikichomoa kitanzi kimoja baada ya kimoja kwa ncha ya ndoano, na kila nilichokitoa kilikuwa kimekumbatia vingine viwili. Mwisho niliomba kisu kwa mpara samaki, nikakata mita 30 za mshipi mpya. Kaka aliyenipa rili ile alikuwa amekaa juu ya Vespa, kimya. Baadaye akanambia kwamba Wamarekani fundo hilo huliita kiota cha ndege. Ndege gani huyo? Mwenye kiota kama kile hata mayai yake asingeyaona tena.

Kaka huyu ni mtoto wa ami yangu. Anaishi Ohio, Marekani, na huko kapata ugonjwa wa kuvua samaki anayeitwa besi. Alikuja Pemba Disemba, kaskazi imeshashika, na fimbo mbili ndani ya bomba la plastiki. Moja ina rili ya spini, nyingine ina beitikasta. Alizilaza juu ya mkeka barazani kwetu kama mtu anayeonesha vitambaa vya posa, akasema, "Chagua moja. Nyingine narudi nayo." Nilikuwa na wiki mbili.

Kwa asiyemjua, besi ni samaki wa maji matamu, kijani, mdomo mkubwa kuliko adabu yake. Hajui kukimbia masafa. Kazi yake ni kuvizia: hujificha chini ya magugu, kwenye magogo yaliyozama, kwenye kivuli cha gati, kikipita kitu anakimeza kwanza halafu ndio anauliza. Asili yake Amerika ya Kaskazini. Kwa majirani zetu yuko Naivasha, Kenya, alikopelekwa miaka ya 1920. Pemba hayupo. Wamarekani wenyewe wanampenda kupita kiasi. Juni 2, 1932, mtu anayeitwa George Perry alivua Georgia besi wa ratili 22 na wakia 4, kilo 10 na kidogo, na rekodi ile ilikaa mpaka Julai 2, 2009, Mjapani Manabu Kurita alipompata mmoja ziwa Biwa aliyezidi kwa chini ya wakia moja. Kanuni zinataka uzidi wakia 2 ndipo uhesabike umevunja, kwa hiyo mpaka leo wanaimiliki pamoja. Nilipomsimulia mjomba wangu wa kisiwa cha Kojani habari hizi, alichouliza ni kimoja tu: "Kilo 10 za samaki gani, jodari?"

Nayaeleza haya kwa sababu karibu kila kitu utakachokisikia kuhusu spini na beitikasta kimetokana na samaki huyu mmoja na maziwa yake. Usiku wa kwanza nilitazama video mpaka bando likakata. Mzungumzaji yuko ndani ya boti yenye zulia, nyuma yake zimelala fimbo nane, kila moja na kazi yake, na mwisho wa maneno yote anakwambia: zote mbili ni muhimu, kuwa nazo zote. Sawa. Na sisi wa fimbo moja?

Aliyenifahamisha tofauti hasa ni mama, na hajawahi kushika fimbo ya kuvulia maisha yake.

Ilikuwa msimu wa sare za skuli, cherehani haipumui. Sisi barazani tunabishana, kaka anasema "bobini yake haizunguki", mimi nasema isipozunguka uzi utatokaje. Mama akaniita. Alikuwa mbele ya ovaloki, mashine ya kupindia kingo za nguo. "Tazama koni ile," akasema. Koni ya uzi imesimama wima nyuma ya mashine, haitikisiki, na uzi unatokea kwa juu, mzunguko kwa mzunguko, unapita kwenye pete. Anashona haraka, anashona taratibu, anaacha ghafla. Koni haina habari. Hiyo ndiyo spini. Rili inaning'inia chini ya fimbo, bobini imetazama mbele, unainua kile kiwaya kilichopinda kama kikuku, unarusha, na mshipi unachomoka juu ya ukingo wa bobini iliyotulia. Wakati wa kukunja, kikuku ndicho kinachoizunguka bobini kuurudisha mshipi mahali pake.

Kisha mama akavuta kile kijumba cha chuma cha chini ya sindano kwenye cherehani ya umeme, akaitoa bobini. Hii inazunguka. Uzi ukivutwa, nayo inakwenda mbio. Ukiacha mguu ghafla, bobini haijui kama umeacha. Inaendelea, inatapika uzi, na chini ya kitambaa unakuta fundo. Akanionesha ndani ya kijumba kile kibati chembamba chenye kuinuka kidogo. "Hiki kinaikamata isikimbie," akasema, akarudi kwenye kola zake.

Beitikasta ni hiyo bobini. Inakaa juu ya fimbo, imelala kwa ubavu, na unaporusha huzunguka yenyewe kwa uzito wa chambo kinachoondoka. Mwanzoni chambo kinaivuta. Kikishapoa hewani, au kikigonga maji, bobini bado ina mbio zake, na mshipi usio na pa kwenda unafura. Kile kibati cha mama, kwenye beitikasta ni vitu vitatu: kitufe cha pembeni kinachobana ekseli, breki ya sumaku au ya vipande vinavyotanuka kwa mzunguko, na kidole gumba chako. Viwili vya mwanzo vinanunuliwa.

Halafu nikasoma jambo lililonifurahisha mpaka nikaenda kumweleza mama. Rili ya bobini iliyotulia ilipewa hataza Uingereza mwaka 1905 na Alfred Illingworth, mtu wa biashara ya nguo kutoka Bradford, mji wa viwanda vya sufu, na inasemekana wazo alilipata kwa kutazama uzi ukichomoka kwenye mashine za kiwandani. Kabla yake kulikuwa na Mskoti Peter Malloch, ambaye mwaka 1884 alitoa rili unayoigeuza ubavu ukirusha, ukaigeuza tena ukikunja. Beitikasta ina ukoo mwingine. Inarudi Kentucky, mwanzoni mwa karne ya 19, kwa fundi saa George Snyder, aliyeweka meno ya gia ili mkono ukizunguka mara moja bobini izunguke mara kadhaa. Mama alisikiliza, akasema, "Basi mimi ningekuwa na hiyo ya mshona nguo." Kura ya kwanza ikapigwa hivyo.

Lakini sikutaka kuishinda beitikasta kwa kura ya mama. Asubuhi iliyofuata kaka alinifundisha kuifunga breki, na hapa nitakwenda polepole, maana ndipo watu wengi hukatia tamaa. Funga chambo utakachorusha, si kingine. Simama barazani, inua fimbo, chambo kining'inie usawa wa kifua. Bonyeza kitufe kinachoiachia bobini. Chambo kikianguka kama jiwe, kaza kile kitufe cha pembeni. Kikigoma kabisa, legeza. Unataka kishuke taratibu, kama ndoo inayoteremshwa kisimani na mtu asiyetaka kuimwaga, na kikigusa sakafu, bobini isimame palepale bila kuongeza hata nusu mzunguko. Baada ya hapo peleka breki ya sumaku karibu na mwisho na uanze hivyo. Utapunguza siku kidole kikishajua. Na ukibadilisha chambo, gramu 20 kwenda gramu 12, unaanza upya.

Tulikwenda kujifunzia shambani kwa babu, chini ya mikarafuu, nati ya boliti ikiwa ndiyo chambo. Nilirusha labda mara mia. Kufikia adhuhuri nilikuwa napiga ndoo kwa hatua 20, jambo ambalo kwa spini sijawahi kuliweza, kwani kwenye beitikasta gumba linaendelea kuugusa mshipi mpaka mwisho, na unapotaka kitu kitue, unabonyeza, kinatua. Hapo nikaelewa kwa nini watu wa besi wanaiabudu. Samaki wao yuko chini ya tawi fulani, kwenye tundu la magugu la ukubwa wa sinia, na akishakamata inabidi ang'olewe pale kwa nguvu kabla hajajizungusha kwenye mizizi. Beitikasta inabeba mshipi mnene wa kusuka, unaohimili uzito wa ratili 50 hata 65, na mshipi unaingia kwenye bobini moja kwa moja, haupindi kona kwenye kigurudumu kama unavyofanya kwenye spini. Ina nguvu za kuburura. Nati yenyewe, ikiwa utauliza, mpaka leo iko juu ya mkarafuu.

Spini wao wanaiweka kwa kazi nyepesi: chambo cha gramu 5, gramu 7, mshipi mwembamba, maji maangavu, samaki aliyeshtuka. Beitikasta ya kawaida ukiifungia gramu 5 haiendi popote, bobini haina cha kuivuta.

Sasa tuondoke Ohio.

Kojani iko mashariki, na kaskazi ikivuma inakuja na upepo wa usoni kwa yeyote anayerushia upande wa bahari kuu. Tulivuka na fimbo zote mbili, tukamkuta mjomba anaziba mtumbwi. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Hizo ni nini, miti ya bendera?" Siku ile ilikuwa bamvua, maji ya kwetu huweza kupanda na kushuka mita 4, na mkondo kwenye mlango wa mwamba ulikuwa unavuta kama mto. Nilianza na beitikasta, nimeifunga vizuri, gumba limeshakuwa na akili. Mrusho wa kwanza upepo ulikisimamisha chambo hewani. Kisu kilikuwa karibu safari hii.

Nikachukua spini. Kisamaki bandia cha gramu 10, mshipi wa kusuka wa ratili 20, kikakata upepo kikaanguka pembeni ya povu. Mara ya tatu kolekole akakamata. Hakuwa mkubwa, kama kilo 2, lakini kolekole hata wa kilo 2 hajui kwamba ni mdogo, akaondoka na mshipi huku rili inalia, na mimi kwa hamu nikazungusha mkono bila kuacha. Kosa. Spini ikiwa inaachia mshipi kwa breki ya samaki, ile inayomlegezea akivuta, na wewe wakati huohuo unakunja, hakuna kinachoingia; unausokota tu. Kila duara la kikuku ni msokoto mmoja. Kesho yake mshipi ulikuwa unajikunja wenyewe kama waya wa simu za zamani. Dawa yake nzuri: fungua kila kitu kilichofungwa mwisho, uachie mshipi mtupu nyuma ya chombo kinachokwenda, mita 50 au zaidi, maji yausokotoe, kisha ukunje ukiubana kwa vidole. Na kikuku kifunge kwa mkono, usisubiri kijifunge kwa kuzungusha. Kitanzi kilicholegea kinachobaki pale ndicho kinachozaa fundo la mrusho unaofuata. Kwa hiyo usidanganywe kwamba spini haina uchawi wake. Inao, ila unakuja kwa adabu, hauji wote kwa mara moja.

Kidogo kuhusu duka. Kabla ya haya yote niliwahi kununua spini mjini, duka silitaji, kwenye boksi imeandikwa kwamba haishiki kutu. Ilinunuliwa Shaabani, ikashika kutu kabla ya Idi. Niliirudisha, nikaambiwa nimeiweka karibu na bahari.

Tuliposogea maji makubwa zaidi mjomba aliomba kuishika beitikasta. Hakutaka kurusha, "mimi si mwehu wa kurusha", alitaka kuishusha chini. Alifunga chubwi lake na kipande cha ngisi, akabonyeza, na nikaliona lile gumba. Ni gumba lililokatwa na mishipi tangu mimi sijazaliwa, lina mifereji kama ya jiwe la kunolea. Aliliweka juu ya bobini bila kufundishwa, mshipi ukawa unashuka kwa mwendo anaoutaka yeye, na chubwi lilipogusa chini alibana kabla ya mimi kuona mshipi ukilegea. Hakuna fundo, hata unywele. Kaka alinitazama. Jambo lililonichukua siku mbili na nati moja, mjomba alikuwa nalo tayari. Amelivulia miaka yote kwa mshipi uliozungushwa kwenye chupa ya plastiki.

Chewa alikuja upesi. Chewa ndiye besi wetu kwa tabia: anavizia, anameza, na wazo lake la kwanza ni kurudi shimoni. Akishaingia na kutanua mashavu humtoi. Mjomba alizungusha mara nne tu, mkono mfupi, hakumpa hata shubiri, na samaki akawa juu ya mwamba kabla hajajua pa kwenda. Kwa spini ile ya ratili 20 nadhani angeingia ndani. Nakiri hilo.

"Je, mjomba?"

Aliitazama fimbo toka shina mpaka ncha. "Nguvu inazo," akasema. "Lakini inakula habari. Samaki akigusa, habari inapita kwenye pete, inapita kwenye kijiti, inapita kwenye gurudumu, ndiyo inifikie mimi. Mshipi ukiwa mkononi hauna tarishi." Akanirudishia, akachukua chupa yake.

Nilichagua spini, na nasema wazi kwamba sikuichagua kwa kuwa ni bora. Mimi navulia gatini jioni, ndani ya mtumbwi wa mtu Ijumaa, na mara nyingine juu ya mwamba maji yakipwa, kwa fimbo hiyohiyo moja. Leo chambo cha gramu 7, kesho gramu 28. Spini inapokea vyote bila kunitaka nifunge breki upya. Mkono wa kuzungushia naweza kuuhamisha kushoto au kulia, wakati beitikasta ukinunua ya kulia ni ya kulia mpaka mwisho wake. Halafu chumvi. Beitikasta nyingi mbele zina kijimlango kinachokwenda kushoto na kulia kuupanga mshipi, kinaendeshwa na skrubu nyembamba yenye mifereji, iko wazi, na chumvi na mchanga wa kwetu hupenda sana mahali kama pale. Kikikwama, Wete sijui nani atakiuza. Ziko zilizotengenezwa kwa bahari, na bei yake ni ya bahari pia. Kama ungenambia wewe kazi yako ni kushusha chini kwenye mawe kila siku, kutafuta chewa na changu wakubwa, ningekwambia chukua beitikasta na usinisikilize.

Rili yangu ni ya namba 4000, ukubwa wa kati, fimbo futi 8. Mshipi wa kusuka ratili 20, mbele yake hatua moja ya nailoni ya ratili 40, na palipo na mzia naongeza waya, kwa sababu mzia hakati, anapitisha tu meno na umeshamkosa. Nikirudi nakaza breki ya samaki kwanza ili maji yasiingie ndani, namwagia maji matamu taratibu kwa kikombe, si kwa mpira wenye nguvu, huo unaisukuma chumvi ndani kwenye beringi. Nafuta, nalegeza breki, naining'iniza barazani. Mama kaizoea, siku moja nilikuta kaitundikia kola tatu zilizokwisha pigwa pasi.

Kaka aliondoka Januari na beitikasta yake ndani ya bomba. Mwezi uliofuata nilivuka Kojani, nikamkuta mjomba pwani anazungusha mshipi kwenye chupa. Tulizungumza habari za pweza, za ndugu, za bei ya mafuta ya mashine. Nilipokuwa naaga akaniuliza, bila kuinua uso:

"Yule kaka yako, kile kigurudumu cha kubana kwa gumba, alikwenda nacho?"

"Alikwenda nacho, mjomba."

Akaendelea kuzungusha mshipi mpaka ukaisha, akaichomeka ndoano kwenye kizibo cha chupa.

"Angeuliza kwanza," akasema.